Ukubwa Kwanza, Hatua Baadaye: Namna ya Kumfundisha Mtoto Hesabu za Desimali

Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Mmarekani Trayvon Bromell alimaliza mbio za mita 100 kwa sekunde 9.76. Nyuma yake alifuata Mkenya Ferdinand Omanyala kwa sekunde 9.77, muda ulioifuta rekodi ya Afrika ya 9.84 iliyokuwa ikishikiliwa na Akani Simbine wa Afrika Kusini. Kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa mwendo wa mita kama 10 kila sekunde, hiyo ni takriban sentimita 10 za uwanja.

Sasa mwanafunzi wa darasa la tano aulizwe: kama mkimbiaji mwingine angetumia sekunde 9.8, angewashinda hao wawili au wangemshinda? Wapo watakaojibu bila kusita kwamba angewashinda, kwa kuwa 8 ni ndogo kuliko 76 na 77. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo akipewa swali la 9.8 − 9.77 kwenye daftari, huenda akapanga nukta chini ya nukta, akaongeza sifuri panapotakiwa, akatoa, akapata 0.03 na kuwekewa vema. Jibu ni sahihi, lakini hajatambua kwamba amekwisha thibitisha kuwa 9.8 ndiyo kubwa.

Mhadhara huu una hoja moja. Mtoto ajue desimali ina ukubwa gani kabla hajafundishwa hatua za kuikokotoa, na kila hatua itokane na ukubwa huo. Kwa kawaida mambo huenda kinyume: somo huanza na kanuni ya kupanga nukta, hufuata kanuni ya kuhesabu nafasi za desimali, kisha kanuni ya kusogeza nukta, na suala la namba hizo ni kubwa kiasi gani huachwa lijitokeze lenyewe. Mara nyingi halijitokezi.

Makosa yenye mpango

Watoto hawakosei desimali ovyo. Mwaka 1985 watafiti wawili Wafaransa, Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard, walionyesha kwamba watoto wanaokosea kulinganisha desimali hufuata kanuni walizojitungia, tena huzifuata kwa uaminifu. Ya kwanza inasema namba yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndiyo kubwa. Ya pili ni kinyume chake: yenye tarakimu chache ndiyo kubwa. Ya tatu inasema namba yenye sifuri mara tu baada ya nukta ndiyo ndogo, na zinazobaki zipangwe kwa kanuni ya kwanza.

Kazi hiyo iliendelezwa Australia na Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 3,000, mtoto yuleyule akipimwa tena na tena kadiri alivyopanda madarasa. Zana yao kuu ilikuwa jaribio fupi la jozi za namba, na mwanafunzi alitakiwa tu kuonyesha iliyo kubwa.

Siri ya jaribio hilo imo katika uchaguzi wa jozi. Chukua 4.8 na 4.63. Mtoto wa kanuni ya kwanza atachagua 4.63, kwa kuwa 63 inaizidi 8. Mtoto wa kanuni ya pili atachagua 4.8 na atapata, ingawa sababu yake ni mbovu. Chukua tena 5.736 na 5.62. Safari hii wa kanuni ya kwanza atapata, na wa pili atakosa. Kwa hiyo mwalimu anayetoa zoezi lenye jozi za sura moja, kama 0.75 na 0.5, 3.14 na 3.1, 6.25 na 6.1, atasahihisha madaftari yote, atampa alama kamili mtoto anayedhani desimali ndefu ndiyo kubwa, na kesho yake ataendelea na somo la kuzidisha.

Kanuni ya pili inastahili kutazamwa kwa heshima kidogo. Mtoto anayeifuata hakuzembea. Alilisikiliza vizuri somo la sehemu. Alifundishwa kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, na sehemu ya elfu ni ndogo zaidi. Kutokana na hilo amehitimisha kwamba namba inayofika kwenye sehemu za elfu lazima iwe ndogo. Amesahau kuuliza sehemu hizo ziko ngapi. Kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii. Anachohitaji ni kuona sehemu 736 za elfu zikiwekwa kando ya sehemu 62 za mia.

Mwalimu naye anaweza kuzichochea kanuni hizi kwa namna anavyosoma namba. Akisema “sifuri nukta ishirini na tano”, amemrudisha mtoto kwenye 25 aliyoizoea tangu darasa la kwanza. Watangazaji wa riadha husoma vizuri zaidi: tisa nukta saba saba. Na katika wiki za mwanzo ni bora zaidi kusoma kwa thamani: mamoja tisa, sehemu saba za kumi, sehemu saba za mia. Inachosha, lakini kila tarakimu inatajwa na mahali inapokaa.

Kosa jingine la mwanzoni hutokana na mtoto kutafuta ulinganifu. Kushoto mwa nukta kuna mamoja, makumi na mamia. Mtoto hutarajia kulia mwake pawe na “sehemu za moja”, za kumi na za mia, kana kwamba nukta ndiyo katikati. Katikati hasa ni nafasi ya mamoja. Upande huu wake kuna makumi na upande ule sehemu za kumi. Makumi hukua kuwa mamia, na sehemu za kumi hupungua kuwa sehemu za mia. Nukta imewekwa ili msomaji ajue mamoja yako wapi, basi. Jedwali la nafasi lichorwe safu ya mamoja ikiwa katikati, hata ikibidi kuipaka rangi.

Senti zilipokuwa na kazi

Kwa vizazi vya nyuma fedha ilifundisha nusu ya somo hili. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani rupia iligawanywa pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipofanywa kuwa heller 100. Chini ya Waingereza shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1921 ikiwa na senti 100. Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, ilianza na senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi 1. Mtoto aliyetumwa dukani miaka hiyo alirudi na chenji ya senti mkononi, na bei aliiona imeandikwa 1/50, yaani shilingi moja na senti hamsini. Mkwaju ule umebaki mpaka leo katika 5,000/=, ila upande wake wa kulia hauna tena kitu.

Leo senti zimetoweka Tanzania. Risiti ya mashine huandika 5,000.00, na mtoto anayeitazama hujifunza kwamba baada ya nukta huja sifuri mbili zisizobadilisha chochote. Kenya hali ni tofauti kidogo kwa sababu bei za mafuta hutangazwa na mamlaka ya nishati kwa nafasi mbili za desimali. Kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba 2023, lita ya petroli Nairobi iliuzwa kwa bei ya juu ya shilingi 217.36. Hakuna sarafu ya senti 36, ila pampu hufanya hesabu hiyo kila siku, na mwalimu wa darasa la sita anaweza kuuliza lita 10 ni shilingi ngapi bila kubuni mfano wowote.

Ni rahisi kuzililia senti. Hata hivyo utafiti wa Melbourne unatoa angalizo: mtoto anayeijua desimali kwa fedha peke yake huiona kuwa namba nzima mbili zilizogandishwa pamoja, shilingi tatu na senti arobaini na tano. Mtoto huyo hutatanishwa na 4.4502 na 4.45, kwa kuwa fedha huishia nafasi mbili. Kwake zote ni sawa, na kinachobaki ni takataka. Tena mazoea ya kuzitenga pande mbili za nukta ndiyo yanayozaa hesabu kama 2.8 + 1.6 = 3.14: 2 na 1 ni 3, 8 na 6 ni 14. Fedha inafaa kuwa zoezi la pili. Zoezi la kwanza lazima liwe kitu kinachoweza kukatwa na kukatwa tena bila kufika mwisho, na kitu hicho ni urefu, ujazo au uzito.

Nusu, robo, thumni

Mtoto wa Kiswahili haji darasani mikono mitupu. Anajua nusu kilo na robo kilo, na katika miji ya pwani amesikia thumni, yaani sehemu ya nane. Huu ni mkondo wa kugawa mara mbili, na unafika kwenye desimali kwa njia ambayo mwanahisabati mmoja aliipita zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Abul-Hasan al-Uqlidisi aliandika kitabu chake cha hisabati ya tarakimu za Kihindi huko Damascus mwaka 341 Hijria, yaani 952 hadi 953 Miladia. Ndani yake zimo desimali za kale kuliko zote zinazojulikana katika maandishi ya Kiarabu. Anaichukua 19 na kuigawa nusu mara tano: 9.5, kisha 4.75, kisha 2.375, kisha 1.1875, mwisho 0.59375. Hakuwa na nukta. Aliweka alama ndogo juu ya nafasi ya mamoja, mahali hasa ambapo mtoto wa leo anatakiwa kukazia macho. Jamshid al-Kashi wa Samarkand alizipanga desimali kwa utaratibu kamili katika kitabu alichokimaliza mwaka 1427. Ulaya zilienezwa na Simon Stevin, mzaliwa wa Brugge, katika kijitabu De Thiende kilichochapishwa Leiden mwaka 1585. Stevin alikielekeza kwa wanajimu, wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mapipa ya mvinyo, wasimamizi wa viwanda vya sarafu na wafanyabiashara. Aliwaahidi kwamba hesabu zao zote za vipande zingefanyika kwa namna ileile ya namba nzima.

Ahadi hiyo ya Stevin ndiyo ya kumpa mtoto, naye aione ikitimia kwa kilo ya sukari. Nusu ya kilo ni sehemu 5 za kumi, 0.5. Kuigawa nusu tena, sehemu 5 hazigawanyiki sawasawa kwa mbili, kwa hiyo kila sehemu ya kumi inavunjwa kuwa sehemu 10 za mia. Sasa ziko 50, na nusu yake ni 25. Robo ni 0.25. Sehemu 25 za mia nazo hazigawanyiki, zinavunjwa kuwa 250 za elfu, na nusu ni 125. Thumni ya kilo ni 0.125, yaani gramu 125. Mtoto ameona kwa nini tarakimu zinaongezeka wakati sukari inapungua, na kanuni yake ya kwanza imepata pigo.

Hapa mwalimu awe macho, maana mfuatano wa 0.5, 0.25 na 0.125 unaivunja kanuni ya kwanza na papo hapo unaipa nguvu ya pili. Mtoto anaweza kutoka darasani akiamini kwamba ndefu ndiyo ndogo. Dawa ni kuendelea kujumlisha thumni: thumni tano ni 0.625, na hiyo ni zaidi ya nusu kilo. Thumni saba ni 0.875. Zipangwe zote kwenye mstari wa namba, kuanzia sifuri hadi moja, na mtoto atafute mwenyewe kanuni inayozitosha. Ataona kwamba urefu wa maandishi hauamui lolote. Kinachoamua ni tarakimu ya sehemu za kumi, na zikilingana, ndipo inatazamwa inayofuata.

Rimu ya karatasi na bomba la plastiki

Huko Talence, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, kulikuwa na shule ya msingi ya Jules Michelet iliyofanywa kituo cha kuchunguza ufundishaji wa hisabati kuanzia miaka ya 1970. Guy Brousseau, mtu wa kwanza kupewa nishani ya Felix Klein mwaka 2003, alibuni hapo mfululizo mrefu wa masomo ya sehemu na desimali. Somo la kwanza linaanza na karatasi. Mezani kuna mafungu ya karatasi za unene tofauti, tofauti ndogo isiyoonekana kwa jicho. Kila kundi la watoto linachagua fungu moja na kuliandikia kundi jingine ujumbe utakaoliwezesha kulitambua. Rula haiwezi kupima karatasi moja. Baada ya kuhangaika, watoto wanagundua kwamba wanaweza kupima nyingi kwa pamoja: karatasi 50, milimita 4, kwa mfano. Wakipima 100 wanapata milimita 8, na wanakubaliana kwamba ujumbe huo ni mmoja. Karatasi moja ni 4 gawanya kwa 50, au 8 gawanya kwa 100, yaani milimita 0.08.

Zoezi hili linawezekana katika shule yoyote yenye rimu moja ya karatasi ofisini kwa mwalimu mkuu. Rimu ya kawaida ina karatasi 500 na unene wake ni kama sentimita 5, yaani milimita 50. Karatasi moja basi ni milimita 0.1. Kinachofuata ni kuhesabu kwa sauti huku karatasi zikirundikwa: moja 0.1, mbili 0.2, tatu 0.3. Wakifika tisa, 0.9, wengi watasema ya kumi ni 0.10. Rula iwekwe. Karatasi kumi ni milimita moja kamili, na ya kumi na mbili ni 1.2, wala si 0.12. Kosa hilo limeonekana na limesahihishwa na rula, mwalimu hakusema neno.

Watafiti wa Melbourne nao walitumia urefu. Vifaa vyao vilikuwa vipande vya bomba: kirefu kilichowakilisha moja, vingine sehemu za kumi, vingine sehemu za mia, na vipete vyembamba vya sehemu za elfu. Fundi umeme ana mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, na mabaki yake hutupwa. Kipande cha mita moja, vipande kumi vya sentimita 10 na vingine kumi vya sentimita 1 vinatosha kwa kundi la watoto sita. Jenga 0.4 kwa vipande vinne vya sentimita 10. Pembeni jenga 0.35: vipande vitatu vya sentimita 10 na vitano vya sentimita 1. Mtoto anayesema 0.35 ndiyo kubwa anaiona fupi mbele yake, nusu ya kipande ikipungua.

Hatua zinazojieleza

Ukubwa ukishaeleweka, kujumlisha hakuhitaji kanuni mpya. Kwa vipande vya bomba, 0.8 + 0.6 ni sehemu 14 za kumi. Kumi kati yake zinabadilishwa kwa moja nzima, na jibu ni 1.4. Kupanga nukta chini ya nukta ni kuhakikisha sehemu za kumi zinajumlishwa na sehemu za kumi, kama vile makumi hayajumlishwi na mamia. Kwa mtoto aliyeshika vipande, 3.5 + 0.25 haiwezi kuwa 0.60, kwa sababu alianza na zaidi ya tatu.

Kuzidisha ndiko kwenye mgogoro mkubwa. Kwa miaka minne au mitano mtoto ameona kuzidisha kukiongeza na kugawanya kukipunguza. Alan Bell, Malcolm Swan na Glenda Taylor wa Uingereza walichapisha mwaka 1981 uchunguzi wa jambo hili. Wanafunzi waliambiwa galoni ya petroli ni paundi 1.20, wakaulizwa gharama ya kujaza kopo dogo la galoni 0.22. Wengi walichagua kugawanya 1.20 kwa 0.22. Hawakuwa wakibahatisha: waliona wazi kwamba jibu lazima liwe dogo kuliko 1.20, na kwao kupunguza ni kazi ya kugawanya. Idadi ya galoni ilipokuwa namba nzima, walizidisha bila tatizo.

Njia nzuri ni kukadiria kwanza na kuacha aina ya tendo ijulikane yenyewe. Kilo ya sukari ikiwa shilingi 3,000, kilo 2 ni 3,000 × 2, kilo 1 ni 3,000 × 1, nusu kilo ni 3,000 × 0.5. Swali halikubadilika, ni kipimo tu kilichopungua. Kilo 0.4 basi ni 3,000 × 0.4, na kabla ya kushika kalamu mtoto anajua jibu liko chini kidogo ya 1,500. Akipata 12,000 au 120, atashtuka mwenyewe.

Kwa nini 0.3 × 0.2 ni 0.06 na si 0.6? Daftari la hesabu lenye miraba linatoa jibu. Zungushia mraba wa miraba 10 kwa 10. Huo wote ni moja. Paka rangi safu tatu za wima, hiyo ni 0.3. Sasa chukua mistari miwili ya ulalo kati ya kumi, na utazame sehemu ya rangi iliyoangukia ndani yake: miraba 6 kati ya 100. Kanuni ya kuhesabu nafasi za desimali ije baada ya mraba huu, kama njia fupi. Na hata ikija, ikaguliwe kwa kukadiria: 4.8 × 2.1 iko karibu na 5 × 2, kwa hiyo katika 100.8, 10.08 na 1.008 jibu linajulikana bila kuhesabu nafasi hata moja.

Kugawanya kwa desimali huogopesha mpaka kugeuzwe kuwa swali la “mara ngapi”. Kwenye lita 6 za maji, chupa za lita 0.5 zitajaa ngapi? Chupa 12, na hakuna anayeshangaa kwamba jibu limezidi 6. Kitambaa cha mita 4.2 kinatoa vipande vingapi vya mita 0.7? Ni sehemu 42 za kumi zikigawanywa kwa mafungu ya sehemu 7 za kumi, yaani 42 ÷ 7, vipande 6. Hapo mtoto ameelewa kwa nini anaruhusiwa kuondoa nukta zote mbili kwa pamoja.

Kuna kauli mbili zinazotakiwa kustaafishwa. “Kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri” hufanya kazi kwa namba nzima, lakini kwa 2.5 huleta 2.50, ambayo ni ileile. “Sogeza nukta” huleta jibu ila huficha kinachotokea, kwa sababu nukta imefungwa kwenye mamoja na haiendi popote. Tarakimu ndizo zinazohama: 2 inatoka mamoja kwenda makumi, 5 inatoka sehemu za kumi kwenda mamoja. Ukanda wa karatasi ulioandikwa tarakimu, ukivutwa chini ya vichwa vya jedwali la nafasi, unaonyesha uhamaji huo kwa dakika moja.

Nukta zinazodanganya

Si kila nukta ni ya desimali, na watoto hawaambiwi. Kitabu chenyewe cha hisabati kina Zoezi la 2.9 likifuatwa na Zoezi la 2.10. Katika desimali 2.10 ni ndogo kuliko 2.9, katika kitabu inakuja baada yake. Mwalimu akiwauliza wanafunzi kwa nini, atapata mjadala mzuri kutoka ukurasa ambao tayari uko wazi.

Saa nayo ina mtego. Saa 2.5 za safari ni saa mbili na dakika 30, si dakika 5 wala 50. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na rekodi hiyo iliandikwa 3:32.2 kwa kukadiria hadi sehemu ya kumi iliyo karibu. Katika maandishi hayo mafupi kuna mifumo miwili. Dakika na sekunde huenda kwa sitini, kisha baada ya nukta sekunde yenyewe hukatwa kwa kumi. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili kwa 3:32.52. Tofauti yao, sekunde 0.36, ni swali la kutoa ambalo watoto wa Tanzania wana kila sababu ya kulifurahia.

Tena kuna mpaka wa alama. Tanzania, Kenya na Uganda huandika 3.5, na mkato hutenganisha maelfu, kama 12,000. Katika shule za Burundi na Kongo zinazofuata mtindo wa Kifaransa huandikwa 3,5. Mtoto aliyehamia Kigoma kutoka ng’ambo ya Ziwa Tanganyika anaweza kuisoma 1,250 kuwa moja na robo, na akawa sahihi kwa alivyofundishwa. Mkutano Mkuu wa Uzani na Vipimo ulikubali mwaka 2003 kwamba alama zote mbili ni halali. Mwalimu mwenye mtoto wa aina hiyo darasani amwandikie namba zote mbili ubaoni siku ya kwanza.

Pale kosa linapogharimu

Mtoto mchanga hupewa chanjo ya kifua kikuu, BCG, kwa kipimo cha mililita 0.05. Chanjo ya pentavalenti anayopewa wiki chache baadaye ni mililita 0.5. Tofauti ya maandishi ni sifuri moja, na tofauti ya dawa ni mara kumi. Ndiyo sababu taaluma ya dawa imejiwekea masharti makali kuhusu sifuri. Nchini Marekani, Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali, ilianza mwaka 2004 kukataza maandishi kama .5 mg yasiyo na sifuri mbele, kwa kuwa nukta ikififia husomwa 5, na pia 5.0 mg, kwa kuwa huweza kusomwa 50. Muuguzi anayeijaza sindano alikaa darasa la tano, na kilichomfaa huko ni uwezo wa kutazama 0.05 na 0.5 akaona papo hapo kwamba moja ni sehemu ya kumi ya nyingine.

Uwezo huo hupimwa kwa maswali mengine kabisa, tofauti na yale ya “kokotoa”. Kwa darasa la watoto 80 mwalimu anaweza kuandika maswali matano ubaoni na kuwataka waonyeshe jibu kwa pamoja kwenye vibao au karatasi, bila kusahihisha daftari hata moja. Kipi kikubwa, 4.8 au 4.63? Anayekosa yuko kwenye kanuni ya kwanza. Kipi kikubwa, 5.736 au 5.62? Anayekosa yuko kwenye ya pili. Baada ya 0.8 na 0.9 inafuata ipi? Anayeandika 0.10 arudi kwenye rimu. Taja namba iliyo kati ya 0.3 na 0.4. Anayesema hakuna hajajua kwamba sehemu za kumi hukatika. Je, 6 × 0.9 ni zaidi au pungufu ya 6? Anayesema zaidi asianze bado kanuni ya kuzidisha. Dakika kumi zinatosha kuwagawa watoto 80 katika makundi manne au matano, na kila kundi lina kazi yake inayojulikana: la kwanza vipande vya bomba, la pili thumni na mstari wa namba, la tatu rimu ya karatasi, na lile lililopata maswali yote liendelee na 217.36 mara 10.